Fanksheni haipo: dalili, chanzo na dawa pale maktaba ya mfumo inapopungukiwa

Mwaloni Kibirizi, Kigoma, mitumbwi ya dagaa hurudi alfajiri, na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mizani haipumziki. Programu inayosoma mizani hiyo nimeiandika kwa lugha ya C. Inapokea uzito kupitia waya wa seriali, inaandika kituo, jina la mwenye mzigo, kilo na saa, kisha inachapa risiti. Ilianza kwenye kompyuta mpakato moja ya zamani yenye Linux ya biti 32. Leo iko kwenye mashine nne ambazo hazifanani: hiyo ya zamani, Raspberry Pi iliyofungwa ndani ya boksi la plastiki pale mwaloni, mashine yangu mpya nyumbani Mwanga, na nyingine iko Tabora, ambako mdogo wangu anapimia asali. Ya Tabora inatumia Alpine Linux, na maktaba yake ya C, yaani mkusanyo wa fanksheni ambazo mfumo unazipa programu, ni musl badala ya glibc.

Kila nilipoihamisha programu kutoka mashine moja kwenda nyingine, kuna fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoitwa kufanya kazi moja) ilikosekana. Dawa yake inajulikana: unaandika mbadala, yaani fanksheni yako mwenyewe inayofanya kazi ileile pale mfumo unapokuwa hauna ya kwake. Tabu ni kwamba mbadala ulioandikwa vibaya hausemi kitu. Unakubali kujengwa, unakaa kimya miezi, kisha unaharibu hesabu ya mtu aliyekesha ziwani. Kwa hiyo nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Zinazopiga kelele wakati wa kujenga nimezitanguliza. Zilizo kimya ziko chini, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kompaila inaonya, programu inajengeka, halafu inaanguka

Onyo lenyewe husomeka `implicit declaration of function 'strndup'`. Maana yake kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa, imekutana na jina ambalo hakuna heda (faili la matangazo, lile la `.h`) iliyolitangaza. Kompaila za zamani zilikuwa zinakisia kwamba fanksheni hiyo inarudisha `int`, zinaendelea na kazi. Kwenye mashine ya biti 32 kisio hilo linapita, kwa kuwa pointa (anwani ya mahali kwenye memori) na `int` (namba nzima) vina upana mmoja. Kwenye mashine ya biti 64 pointa inakatwa nusu: biti 32 za juu zinapotea, na programu inaanguka mara tu inapogusa anwani hiyo. Ndiyo maana msimbo uliotumika miaka mingi kwenye mashine ya zamani unaweza kufia kwenye mpya bila kubadilishwa hata herufi moja. Clang 16 ya mwaka 2023 na GCC 14 ya mwaka 2024 zimeligeuza onyo hili kuwa kosa kamili, na ninashukuru kwa hilo.

Kabla hujaandika mbadala wowote, hakikisha fanksheni haipo kweli. Mara nyingi ipo, ila imefichwa. Ukijenga kwa `-std=c99` au `-std=c11`, glibc inaficha kila kisichokuwa ndani ya kiwango hicho, zikiwemo `strndup`, `getline` na `asprintf`. Jenga tena kwa `-std=gnu11`, au ongeza `-D_GNU_SOURCE` kwenye amri. Onyo likitoweka, huhitaji mbadala. Ukipenda kuandika `#define _GNU_SOURCE` ndani ya faili, iwe juu kabisa, kabla ya `#include` ya kwanza. Ikiwa chini ya hata heda moja imechelewa, na haitakwambia kwamba imechelewa.

Linka inasema `undefined reference`

Linka ndiyo inayounganisha vipande vilivyojengwa viwe programu moja. Hapa heda imelitaja jina lakini mwili wake haujapatikana. Angalia mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, huenda mwili uko kwenye maktaba nyingine. `clock_gettime` ilihitaji `-lrt` kabla ya glibc 2.17. `dlopen` ilihitaji `-ldl`, na nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja) zilihitaji `-lpthread`, mpaka glibc 2.34 ya mwaka 2021 ilipovihamishia vyote ndani ya libc yenyewe. Anayefanya kazi kwenye mashine mpya anaziondoa alama hizo kwa sababu kwake hazina kazi, kisha mwenye mashine ya zamani anakwama. Ziache. Kwenye mashine mpya hazidhuru.

Pili, faili la mbadala halikuingizwa kwenye ujenzi. Hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani: `mbadala.c` ipo kwenye folda, ila haijaandikwa kwenye Makefile, faili la maelekezo ya ujenzi.

Tatu, mpangilio. Ukiwa na maktaba tuli kama `libmbadala.a`, lazima ikae baada ya mafaili yanayoihitaji kwenye mstari wa amri. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na inachukua kile tu ambacho tayari kimeshaombwa.

Kuna jina moja linalowachanganya wengi: `undefined reference to rpl_malloc`. Hujaliandika popote, wala halimo kwenye msimbo wako. Linatokea unapojenga kwa Autoconf (zana inayoupima mfumo kabla ya kujenga) kwenye mashine moja ili programu ikatumike kwenye nyingine. Kipimo cha `AC_FUNC_MALLOC` kinahitaji kuendesha programu ndogo, na programu ya mashine nyingine haiwezi kuendeshwa hapo, hivyo mara nyingi kinajiamulia kwamba `malloc` ni mbovu na kinaipachika jina `rpl_malloc` kikitegemea wewe ulete mbadala. Mfumo unaoulenga ukiwa Linux ya kawaida, mwambie jibu mwenyewe: `ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes ./configure`, ukiongeza na alama zako nyingine.

Jana ilijengeka, leo baada ya kusasisha mfumo inakataa

Ujumbe unasema `static declaration of 'strlcpy' follows non-static declaration`. Fanksheni uliyoijengea mbadala imeletwa na mfumo wenyewe, na sasa majina mawili yanagombana.

`strlcpy`, inayonakili maandishi bila kuvuka ukubwa wa nafasi, ndiyo mfano ninaoukumbuka zaidi. Ilitoka OpenBSD mwaka 1998. Wasimamizi wa glibc waliikataa kwa miaka mingi, kwa hiyo kila mradi ulibeba nakala yake. Mwaka 2023 glibc 2.38 ikaileta, na miradi iliyokuwa imetumia jina hilohilo waziwazi ikavunjika kwa pamoja. Yangu ilikuwa miongoni mwao.

Kosa ni kuupa mbadala jina la mfumo. Upe jina lako, kisha uelekeze jina la mfumo kwake pale tu inapohitajika:

```c
#include <stddef.h>
#include <string.h>

size_t mbadala_strlcpy(char *lengo, const char *chanzo, size_t n);

#ifndef HAVE_STRLCPY
#define strlcpy mbadala_strlcpy
#endif
```

Heda ya mfumo inatangulia, `#define` inafuata. Ukigeuza, `#define` yako itabadilisha hata tangazo lililomo ndani ya `string.h`. Tangazo la `mbadala_strlcpy` nimeliacha nje ya `#ifndef` kwa makusudi, na sababu itaonekana kwenye majaribio.

Usiamue kwa toleo wala kwa jina la mfumo. Nimeona `#ifdef __linux__` ikitumika kumaanisha "hakuna strlcpy". Haikuwa kweli kwa musl tangu zamani, na sasa si kweli hata kwa glibc mpya. Uliza swali lenyewe: je, fanksheni hii ipo? Ukitumia Autoconf, `AC_CHECK_FUNCS([strlcpy])` inakuwekea `HAVE_STRLCPY` ikiwa ipo, na isipokuwepo haiweki kitu. Ila `AC_CHECK_DECLS` inaweka `HAVE_DECL_STRLCPY` sikuzote, ikiwa na thamani 1 au 0. Hiyo ya pili ukiipima kwa `#ifdef` utapata ndiyo kila siku. Ipime kwa `#if`.

Inajengeka kwangu, ikipelekwa kwingine haiwaki

`version 'GLIBC_2.38' not found`. Umejenga kwenye mashine mpya, programu imeshikana na fanksheni ya glibc mpya, na mashine ya zamani hainayo. Mbadala wako hautasaidia hapa kwa sababu haukuingizwa: wakati wa kujenga, mfumo ulikuwa na ya kwake. Jenga kwenye mashine yenye glibc ya zamani zaidi kati ya zote unazozihudumia. Mimi najengea kwenye ile kompyuta mpakato kwa ajili ya mashine za biti 32 za aina yake. Kwa ajili ya Tabora najenga ndani ya Alpine, naunganisha kwa `-static`.

Risiti ina maandishi yaliyoshikana

Sasa tumefika kwenye zile za kimya.

Mama mmoja mchuuzi alinionyesha risiti yake. "Fundi, hebu soma hapa. Hizi ni kilo au ni jina la mahali?" Pameandikwa `Kibirizi42.5`.

Msimbo ulikuwa na nafasi mbili zilizopakana, `char kituo[8]` na `char kilo[8]`. Kwenye mashine isiyo na `strlcpy`, mtu alikuwa amemaliza tatizo kwa mstari mmoja: `#define strlcpy strncpy`. Hesabu herufi za Kibirizi: ni nane. `strncpy` ikijaza nane zote haiweki sifuri ya mwisho, baiti inayoonyesha maandishi yanapoishia, kwa hiyo aliyesoma jina la kituo aliendelea moja kwa moja mpaka kwenye kilo. Kwa vituo kama Ujiji, herufi tano, kila kitu kilikuwa salama, ndiyo maana haikuonekana mapema.

Mbadala wenyewe ni mfupi:

```c
size_t mbadala_strlcpy(char *lengo, const char *chanzo, size_t n)
{
    size_t urefu = strlen(chanzo);

    if (n > 0) {
        size_t k = urefu < n ? urefu : n - 1;
        memcpy(lengo, chanzo, k);
        lengo[k] = '\0';
    }
    return urefu;
}
```

Tazama inachorudisha. Ni urefu wa chanzo, hata kama imenakili pungufu. Nimekutana na mbadala nyingi zinazorudisha `k`, idadi ya herufi zilizonakiliwa, na mwandishi wake anaona ni sawa tu. Si sawa. Msimbo mzuri hupima hivi: `if (strlcpy(kituo, jina, sizeof kituo) >= sizeof kituo)`, yaani jina limekatika. Kwa Kibirizi na nafasi nane, fanksheni ya kweli inarudisha 8, kipimo kinashika, na programu inakataa kuendelea. Inayorudisha `k` inatoa 7, kipimo kinapita, na "Kibiriz" inaingia kwenye daftari bila mtu kujua. Vilevile, `n` ikiwa sifuri isiandike chochote. Pamoja na kurekebisha mbadala, nafasi ya kituo niliipanua hadi 32.

Hii ndiyo kazi halisi ya kuandika mbadala. Soma ukurasa wa `man` wa fanksheni ya asili mstari kwa mstari: inarudisha nini ikifaulu, nini ikishindwa, inagusa `errno` au haigusi, inafanya nini na sifuri na `NULL`. Anayeita hajui kama anaita ya mfumo au ya kwako, na hapaswi kujua.

Kwenye Raspberry Pi programu haimalizi kusoma faili

"Fundi, mizani imeganda." Nilipofika, `top` ilionyesha programu yangu ikila memori bila kusimama, mpaka kerneli ikaiua. Msimbo uleule ulikuwa unamaliza kusoma faili la bei mara moja kwenye kompyuta mpakato.

`getline`, inayosoma faili mstari kwa mstari, iko kwenye POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) tangu 2008, lakini nilikuwa na mbadala wa tangu enzi za mfumo usiokuwa nayo, na kwa uzembe wa Makefile ulikuwa unatumika kila mahali. Ndani yake:

```c
char c;
while ((c = fgetc(f)) != EOF)
```

`fgetc` inarudisha `int`, na ina sababu: lazima iweze kutoa baiti zote 256 na juu yake thamani moja ya ziada, `EOF`, ambayo kwenye mifumo hii ni -1. Ukiipokea kwa `char` unaibana. Kwenye Linux za x86, `char` ina alama ya hasi, kwa hiyo -1 inabaki -1 na kitanzi kinaisha. Kwenye Linux za ARM, `char` haina hasi. -1 inageuka 255, na 255 haitalingana na -1 milele. Kitanzi kikaendelea kupachika 255 ndani ya bafa (nafasi ya memori ya kuhifadhia kilichosomwa) inayokua.

Wala kwenye x86 haikuwa salama. Huko baiti halali yenye thamani 255 inasomeka kama mwisho wa faili. Kwenye maandishi ya UTF-8 baiti hiyo haitokei kamwe, lakini waya wa seriali wenye kelele unaweza kuileta wakati wowote.

Huu ndio ninaoutumia sasa:

```c
ssize_t mbadala_getline(char **mstari, size_t *ukubwa, FILE *f)
{
    size_t n = 0;
    int c;

    if (mstari == NULL || ukubwa == NULL || f == NULL) {
        errno = EINVAL;
        return -1;
    }
    if (*mstari == NULL)
        *ukubwa = 0;
    while ((c = fgetc(f)) != EOF) {
        if (n + 2 > *ukubwa) {
            size_t mpya = *ukubwa < 64 ? 128 : *ukubwa * 2;
            char *p = realloc(*mstari, mpya);
            if (p == NULL)
                return -1;
            *mstari = p;
            *ukubwa = mpya;
        }
        (*mstari)[n++] = (char)c;
        if (c == '\n')
            break;
    }
    if (n == 0)
        return -1;
    (*mstari)[n] = '\0';
    return (ssize_t)n;
}
```

Mstari wa mwisho usio na alama ya mstari mpya unarudishwa kama mingine. Faili la bei huhaririwa kwa mkono, na anayelihariri mara nyingi hamalizii kwa kubonyeza Enter. Mbadala unaourusha mstari huo utapoteza bei ya mwisho kwenye orodha, na kwetu ya mwisho ni migebuka.

Dada ya tatizo hili ni `tolower` na wenzake wa `ctype.h`. Ukiandika mbadala wa `strcasecmp`, kila herufi igeuze kwanza kuwa `unsigned char` kabla ya kuipa `tolower`. Bila hivyo, herufi yenye thamani hasi inaweza kusoma nje ya jedwali.

Saa zote zimerudi nyuma kwa saa tatu

Mzigo ulioshuka saa kumi na mbili na nusu asubuhi umeandikwa 03:30, yaani saa tisa na nusu usiku, wakati mitumbwi bado iko ziwani na taa zinawaka. Ukiona tofauti ya saa tatu kamili hapa kwetu, yaani sekunde 10,800, usihangaike na betri ya saa ya kompyuta. Tanzania iko UTC+3, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC), na haibadilishi saa kwa majira, kwa hiyo saa tatu kamili ni alama ya kuchanganya saa ya hapa na ya UTC. Kwangu, kuna mahali `mktime` ilikuwa imewekwa badala ya `timegm`.

Zote mbili zinapokea `struct tm` na kurudisha sekunde. `timegm` inaichukulia kuwa ni saa ya UTC, `mktime` inaichukulia kuwa ni saa ya hapa. `timegm` ilikuwa ya BSD na GNU kwa muda mrefu kabla ya kuingia kwenye kiwango cha C23, hivyo kuna mifumo isiyokuwa nayo, na `mktime` ndiyo inayofanana nayo zaidi kwa sura. Aliyeko Uingereza wakati wa baridi angejaribu asione kosa lolote.

Wengine hubadilisha `TZ` kuwa UTC kwa `setenv`, wanaita `mktime`, kisha wanairudisha. Kwenye programu ya uzi mmoja inafanya kazi. Kwenye programu ya nyuzi nyingi, uzi mwingine unaweza kusoma saa katikati ya mabadiliko hayo. Mimi nimechagua hesabu tupu: idadi ya siku tangu Januari 1, 1970, ukizingatia miaka mirefu (inayogawanyika kwa 4, isipokuwa ya mia isiyogawanyika kwa 400), mara 86,400, kisha jumlisha saa, dakika na sekunde. Tumia aina ya biti 64 kwenye hesabu yenyewe. Ukikumbuka kwamba `tm_year` inaanza 1900 na `tm_mon` inaanza sifuri, umeshapita mitego yake miwili.

Fanksheni ipo, jina ni lile, tabia ni nyingine

Kipimo cha Autoconf kinajua tu kama jina linapatikana wakati wa kuunganisha. Hakijui umbo lake. `qsort_r` ya GNU na ile ya macOS zina mpangilio tofauti wa vigezo. `strerror_r` ya glibc, ukiwa na `_GNU_SOURCE`, inarudisha `char *`; ya musl inarudisha `int`. Programu yangu ilianguka Tabora kwa sababu hiyo, kila ilipotaka kuandika ujumbe wa kosa. Kwa fanksheni za namna hii usiandike mbadala wa jina hilo. Andika fanksheni yako ndogo ya kuzifunika, yenye umbo moja, na tofauti zote zimalizikie ndani yake.

Na ukiandika mbadala wa `asprintf`, utahitaji kupita kwenye `va_list` (orodha ya vigezo ambavyo idadi yake haijulikani mapema) mara mbili, moja ya kupima urefu na moja ya kuandika. Tumia `va_copy`. Bila hiyo x86 ya biti 32 itakuvumilia, ya biti 64 inaweza kuanguka.

Kuulazimisha mbadala ufanye kazi

Mbadala hutumika kwenye mashine chache, tena zilizo mbali nawe. Kwenye mashine unayoandikia hauguswi kabisa, kama tairi la spea ambalo hakuna aliyelipima upepo. Ndiyo maana tangazo lake nililiacha nje ya `#ifndef`. `mbadala.c` inajengwa kila mahali, hata mfumo unapokuwa na ya kwake, na jaribio linaita zote mbili kwa majina yao na kulinganisha majibu. Ukitaka programu nzima itumie mbadala, idanganye Autoconf: `ac_cv_func_strlcpy=no ac_cv_func_getline=no ./configure`. Ongeza `-fsanitize=address,undefined`, inayokamata makosa ya memori wakati programu inaendeshwa. Ongeza pia `-funsigned-char` kwenye mashine ya x86, ili `char` iwe na tabia ileile ya Raspberry Pi bila kwenda mwaloni.

Jaribio langu la `strlcpy` lina maneno manne: tupu, "Ujiji", "Kibiriz" na "Kibirizi", kila moja kwenye nafasi za ukubwa wa 0, 1, 8 na 9. La `getline` lina faili lisilo na kitu, faili lenye mstari mmoja usio na alama ya mstari mpya mwishoni, na faili lenye baiti 255 katikati. Yote yanaisha kwa chini ya sekunde moja, na sasa hayarukwi hata mara moja: `make` inayaendesha kabla ya kunipa programu ya kupeleka Kibirizi au kumtumia mdogo wangu Tabora.